Je, Wajua? Buibui wa Mara na Hesabu ya Hariri

Je, wajua kwamba utando mzima wa buibui wa bustanini, wenye karibu mita 20 za uzi, huwa na uzito wa takribani nusu miligramu? Buibui mwenyewe akifikisha miligramu 500, anatembea juu ya kazi iliyo nyepesi kuliko yeye mara 1,000, nayo haikatiki. Ishike hesabu hiyo. Hariri ni protini, protini ni chakula, na buibui hana cha kuchezea. Umbo la utando, ukubwa wake, saa ya kuutanda na saa ya kuubomoa, vyote vinajibu swali moja: uzi kiasi gani utaleta mlo unaozidi gharama yake?

Mkoa wa Mara ni mahali pazuri mno pa kulitazama swali hilo likijibiwa, maana hapa Ziwa Victoria huwapa buibui riziki ambayo wenzao wa nchi kavu hawaipati.

Je, wajua kwamba wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani wakafanya nguzo nyeusi zinazoonekana kutoka mbali juu ya maji, hawaumi? Wengi wao ni Chaoborus edulis na jamii ya chironomidi, ndugu wa mbali wa mbu, ila hawana haja ya damu. Buu wa Chaoborus ni mwangavu kiasi kwamba majini haonekani kwa urahisi. Mchana hujificha kwenye tope la chini ya ziwa. Usiku hupanda juu kuwinda viumbe vidogo kuliko yeye. Akikomaa hutoka majini, hupandana, hutaga, hufa. Maisha yake yenye mabawa ni ya siku chache tu. Upepo ukimkuta katika siku hizo humsukuma pwani, na pwani ndiko wanakomngoja wenye miguu minane.

Je, wajua kwamba wadudu hao hufuata mwezi? Watafiti waliofanya kazi upande wa Uganda miaka ya 1950 walibaini kwamba Chaoborus hutoka kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Mdudu mwingine wa ziwa hilohilo, Povilla adusta, ambaye watoto wake hutoboa mbao zilizozama majini, hushika ratiba tofauti: kilele chake ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa wa Mwigobero na Makoko nao huuhesabu mwezi, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri usiku wa mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza ni usiku wa kazi kwa pande zote mbili. Mvuvi yuko majini na taa yake, buibui yuko ukingoni mwa paa na utando wake, na wote wawili wanaishi kwa kile ambacho ziwa limetoa wiki hiyo.

Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi, maji yameuzunguka pande kadhaa. Ndiyo maana tandabui hazikosi kwenye nguzo za taa, nyaya, kingo za mabati na vichaka vya ufukweni. Mwenye nyumba huona uchafu. Mimi naona kipimo: palipo na tandabui nyingi, pana wadudu wengi wanaotoka ziwani, na wengi wao wanaishia hapo kabla ya kufika kwenye sahani yako ya chakula cha usiku.

Je, wajua kwamba kuna buibui wanaoifuata taa kwa makusudi? Mwaka 1999 mtafiti Astrid Heiling alichapisha matokeo yake kutoka daraja la waenda kwa miguu mjini Vienna, Austria. Buibui wa hapo, Larinioides sclopetarius, walijazana sehemu zenye mwanga na kuziacha zenye giza. Hata waliokuzwa maabara, wasiowahi kujifunza kwamba taa huleta wadudu, walichagua mwanga.

Na je, wajua idadi yao inaweza kufika wapi? Mwaka 2009, kiwanda kimoja cha kusafishia maji taka mjini Baltimore, Marekani, kiliita wataalamu kwa sababu paa lake lilikuwa limefunikwa na tandabui. Wataalamu walikadiria buibui zaidi ya milioni 107 katika eneo la ekari nne hivi. Chakula chao? Chironomidi, jamii ileile inayopanda kutoka Ziwa Victoria. Buibui wa utando wa mviringo kwa kawaida hupenda kuishi peke yake na humfukuza jirani. Riziki ikizidi, ugomvi hupungua: wanafunga nyuzi zao kwenye nyuzi za wenzao, na kila mmoja anaokoa hariri ya fremu.

Sasa tuingie kwenye ujenzi wenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Je, wajua kwamba uzi wa kwanza wa utando hubebwa na upepo? Buibui hupanda mahali palipoinuka, huinua tumbo, na kuachia uzi mwembamba upeperuke hadi unase upande wa pili. Akihisi umeshika, huuvuta ukakaza, kisha hupita juu yake akiuimarisha. Kutoka katikati ya daraja hilo hujishusha kwa uzi mwingine hadi chini, na umbo la Y linapatikana. Pale mikono mitatu inapokutana ndipo kitakapokuwa kitovu. Hufunga fremu ya nje, halafu hutoa nyuzi nyoofu kutoka kitovuni kwenda pembeni kila upande, kama spoki za baiskeli. Kisha huzungusha uzi mkavu, wenye nafasi pana, kutoka ndani kwenda nje. Uzi huu ni wa muda. Kazi yake ni kushikilia nyuzi nyoofu zisiyumbe na kumpa fundi pa kukanyaga. Akifika ukingoni hugeuka. Sasa anarudi kutoka nje kwenda ndani akiweka uzi wa gundi, mzunguko baada ya mzunguko, huku akipima nafasi kwa miguu na kuukata ule uzi wa muda kadiri anavyosonga. Kwa spishi nyingi kazi yote huisha ndani ya saa moja, mara nyingi gizani.

Hana haja ya kuona. Wengi wa buibui hawa wana macho manane yanayoona kwa shida. Ramani ya kazi iko miguuni.

Je, wajua kwamba buibui mmoja jike anaweza kuwa na aina saba za matezi ya hariri? Tezi moja hutoa uzi mgumu wa fremu na wa kujishushia. Nyingine hutoa uzi wa muda. Nyingine uzi unaovutika wa mzunguko wa kunasia, na jirani yake hutoa gundi ya kuupaka. Kuna ya kubandikia ncha za uzi ukutani, ya kuviringishia mawindo, na ya kufunikia mayai. Ndani ya tezi hariri ni majimaji. Huwa uzi wakati inapovutwa kutoka kwenye vijichuchu vilivyo mwishoni mwa tumbo. Maji hutolewa, tindikali huongezeka, na molekuli za protini hujipanga. Hakuna moto wala tanuri.

Uzi wa fremu, ukilinganishwa na chuma cha pua cha uzito uleule, hukishinda kwa nguvu mara kadhaa. Lakini nguvu peke yake ingekuwa hasara. Mdudu anayekuja kwa kasi akigonga kitu kigumu kisichonyumbuka, hurushwa nyuma na kwenda zake. Uzi wa mzunguko wa kunasia unaweza kuvutika hadi mara mbili au tatu ya urefu wake, na sehemu kubwa ya nguvu ya pigo hugeuka joto badala ya kumrudishia mdudu. Fremu hushikilia, mzunguko humeza pigo.

Je, wajua kwamba utando umeundwa ukatike mahali padogo? Mwaka 2012 kundi la Markus Buehler wa chuo cha MIT, Marekani, lilionyesha katika jarida la Nature kwamba uzi ukilemewa, hulegea kwanza kisha hukaza, hivyo uharibifu hubaki pale pale ulipopigwa. Utando uliopoteza nyuzi chache huendelea kufanya kazi. Buibui hurekebisha sehemu, hajengi upya kila anapopata mgeni.

Kesho yake, hata hivyo, huenda akaujenga wote upya. Gundi hukauka, vumbi hushika, chavua hujaa. Basi buibui wengi wa utando wa mviringo huubomoa utando wa jana na kuula. Jaribio lililofanywa mwaka 1971, ambapo protini ya hariri iliwekewa alama ya mnururisho, lilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya protini iliyoliwa ilirudi kwenye utando mpya, nayo inaweza kuonekana tena kwenye uzi ndani ya nusu saa hivi. Nimesoma habari nyingi za wanyama, na sijakutana na ubanifu unaonistaajabisha zaidi ya huu. Analala na mtaji wake tumboni.

Je, wajua kwamba utando wa mviringo si mviringo? Upime na utaona: kwa spishi nyingi sehemu ya chini ya kitovu ni kubwa kuliko ya juu, naye mwenyewe hukaa kichwa chini. Sababu ni mbio. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, hivyo mdudu aliyenasa chini hufikiwa upesi zaidi. Kuweka uzi mwingi juu ni kuuweka mahali utakapochelewa.

Hilo lilipimwa hadi angani. Mwanafunzi wa sekondari wa Marekani, Judith Miles, alipendekeza buibui wapelekwe kwenye kituo cha anga cha Skylab. Wakapelekwa wawili mwaka 1973, Arabella na Anita. Siku za mwanzo walitanda ovyo, kisha wakazoea na kutanda tandabui za kueleweka pasipo uzito wa mwili. Mwaka 2011 walipelekwa wengine, wa jamii ya hariri ya dhahabu, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Huko taa zilipokuwa zimewashwa wakati wa kutanda, kitovu kilisogea upande wa taa, na buibui alijua juu ni wapi. Taa zikiwa zimezimwa, utando ulikaribia mviringo kamili. Mwanga ulikuwa umeshika nafasi ya mvutano wa dunia.

Si mvutano na mwanga tu vinavyobadilisha umbo: kafeini nayo huuvuruga utando vibaya. Mtaalamu wa dawa Peter Witt alianza majaribio ya dawa na buibui mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1948, baada ya mwenzake kuchoka kuwasubiri alfajiri na kutaka watande saa za kazi. Saa haikubadilika. Maumbo yalibadilika.

Je, wajua kwamba gundi ya utando hunywa maji ya hewani? Ile shanga unayoiona kwenye uzi kwa kioo cha kukuzia ina chumvichumvi zinazovuta unyevu, na unyevu huifanya gundi isambae na kushika. Ikikauka mno haishiki, ikilowa mno inateleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha spishi za mazingira tofauti na kukuta gundi ya kila mmoja inashika vizuri zaidi kwenye unyevu wa makazi yake. Fikiria mkoa wetu kwa jicho hilo: mafunjo ya bonde la Mto Mara karibu na daraja la Kirumi, yaliyolowa mwaka mzima, na nyasi kavu za Bunda zinazopakana na Serengeti. Ni mwendo wa gari wa muda mfupi, lakini kwa tone la gundi ni hewa mbili tofauti.

Kwenye mafunjo hayo utamkuta Tetragnatha, mwembamba, mwenye taya ndefu, aliyejinyoosha juu ya jani hata asionekane. Utando wake mara nyingi ameulaza juu ya maji. Windo lake linatoka chini.

Tufike Bunda, kwenye pamba.

Je, wajua kwamba nondo ana kinga dhidi ya gundi? Mabawa yake yamefunikwa na magamba madogo yanayobanduka. Akigusa utando, magamba hubaki kwenye gundi, yeye huteleza akaenda zake. Mkulima wa pamba anamjua nondo kupitia mtoto wake, yule funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, anayetoboa kitumba kabla hakijafunguka. Kwa hiyo vita ya nondo na buibui si habari ya porini tu. Inapita katikati ya shamba.

Buibui wamejibu kwa namna kadhaa. Argiope, yule mkubwa mwenye mistari ya njano na nyeusi au fedha, anayekaa katikati ya utando na kupanga miguu yake kwa jozi ikafanya X, ana desturi ya kumviringisha windo kwa hariri kwanza na kumng'ata baadaye. Panzi mwenye mateke hana nafasi ya kumdhuru. Lakini nondo au kipepeo akinasa, wataalamu waliona spishi mojawapo ya Argiope ikigeuza utaratibu: hung'ata kwanza, kwa sababu huyo hatasubiri kuviringishwa. Anamtambua kwa mtetemo.

Wengine wameuacha kabisa utando wa mviringo. Jamii ya Cladomelea, inayopatikana Afrika, huning'iniza tone moja la gundi kwenye ncha ya uzi mfupi na kulizungusha usiku hadi limpige nondo. Wenzao wa Amerika, Mastophora, huongeza hila: hutoa harufu inayofanana na ya nondo jike, na madume huja wenyewe. Tone moja, badala ya mita 20 za uzi. Hesabu ileile, jibu jingine.

Ukweli wote usemwe: buibui hachagui. Nyuki akinasa, ataliwa. Lakini makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na milioni 800 za mawindo kila mwaka, na sehemu kubwa ni wadudu. Dawa inayonyunyizwa bila kipimo humwua funza na humwua aliyekuwa akimla mama yake funza. Funza akirudi, na hurudi, hamkuti mlinzi.

Je, wajua ule mchoro mweupe wa Argiope, ule msalaba au mstari wa hariri nene katikati ya utando, ni wa nini? Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1983 Thomas Eisner na Stephen Nowicki walionyesha kwamba tandabui zenye alama ziliharibiwa kidogo na ndege, maana ndege huiona na kukwepa. Mwaka 1990 Catherine Craig na mwenzake wakaonyesha kwamba huakisi mwanga wa urujuanimno na kuvuta wadudu. Naegemea upande wa wanaosema jibu hutofautiana kwa spishi na mahali, kwani hata buibui yuleyule huiweka leo na kuiacha kesho.

Cyclosa, mdogo zaidi, hupanga mabaki ya chakula chake na takataka katika mstari wima, kisha hukaa katikati ya mstari. Mtafute.

Twende Butiama. Njia ya Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere, ina majabali, miti na nyumba kwa pamoja, na kila kimoja kina mpangaji wake.

Je, wajua kwamba yule buibui mkubwa wa chini ya paa, mwenye baka jekundu kifuani, ni mtaalamu wa kuta? Nephilingis cruentata husokota handaki la hariri kwenye pembe ya paa na kujificha humo mchana. Utando wake una kitovu juu kabisa, karibu na mlango wa handaki, na sehemu yote ya kunasia inashuka ukutani. Ni ile kanuni ya kushuka upesi, iliyopelekwa hadi mwisho wake. Dume ni mdogo mno kwake. Watu wamemsafirisha bila kujua hadi Brazil, na huko pia ameshika mapaa.

Kwenye uzio wa minyaa au katani kuna mwingine, Cyrtophora citricola, aliyeamua kutotumia gundi kabisa. Utando wake umelala, wenye matundu madogo sana, na juu yake kuna msitu wa nyuzi zilizokingamana. Mdudu hugonga nyuzi za juu na kuanguka. Bila gundi hakuna cha kukauka, hivyo utando hukaa siku nyingi bila kujengwa upya. Amelipa hariri nyingi mara moja badala ya kulipa kidogo kila usiku. Huishi kwa makundi, tandabui zimeshikana uzio mzima.

Mitini, usiku, yupo Caerostris. Mchana hujikunyata kwenye tawi kavu akaonekana kuwa kifundo cha tawi hilo. Ndugu yake wa Madagaska, Caerostris darwini, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2010 na Matjaž Kuntner na Ingi Agnarsson, hutanda juu ya mito. Nyuzi zake za daraja hufika mita 25, na hariri yake ndiyo inayostahimili pigo kuliko hariri zote zilizopimwa wakati ule. Alifuata wadudu wa maji mahali ambapo hakuna mwingine aliyeweza kutega.

Je, wajua kwamba kuna joho lililofumwa kwa hariri ya buibui? Mwaka 2012 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilionyesha joho la rangi ya dhahabu isiyotiwa rangi yoyote, kazi ya Simon Peers na Nicholas Godley kule Madagaska. Buibui milioni 1.2 wa jamii ya Trichonephila walikusanywa, wakakamuliwa uzi wakiwa hai, kisha wakaachiwa. Jamaa zao wametapakaa Afrika kusini mwa Sahara. Wenyewe hawakuijenga dhahabu hiyo kwa ajili ya mfalme. Rangi ya njano huvuta nyuki penye jua, na penye kivuli hupotea kati ya majani.

Visiwani Solomon wavuvi hufunga bonge la utando wa jamii hiyo kwenye kishada na kulipitisha juu ya maji. Samaki mwenye mdomo mrefu huuma, meno yakanasa. Hakuna ndoana.

Ujerumani, mwaka 2011, madaktari walitumia hariri hiyo kuongoza mishipa ya fahamu ya kondoo kuota tena kuvuka pengo la sentimita 6. Hiyo ni hariri iliyosafishwa. Utando wa darini usiuweke kwenye kidonda. Vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Je, wajua kwamba buibui naye huibiwa? Kwenye tandabui kubwa huishi Argyrodes, wadogo, wengine waking'aa kama fedha, wanaookota mawindo madogo na hata kula nyuzi za mwenyeji. Nyigu wa udongo ni hatari zaidi. Humchoma buibui akapooza, humjaza kwenye kile kijumba cha tope kilichobandikwa ukutani, na kutaga yai juu yake. Ukikivunja utawakuta wamepangwa humo, wengi bado hai. Chozi, yule ndege wa maua, hachukui buibui peke yake: huchukua na utando, akafungia kiota chake.

Je, wajua kwamba utando ni sikio? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Larinioides, yuleyule wa taa za Vienna, husikia sauti kwa sababu uwanja mpana wa nyuzi hutikiswa na hewa na kumfikishia mtikisiko miguuni. Buibui hana sikio kichwani. Amelijenga nje ya mwili, na kesho atalila na kulijenga tena.

Na jirani asiyetanda kabisa: upande wa Kenya na Uganda wa ziwa letu yupo Evarcha culicivora, buibui mrukaji aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Robert Jackson na wenzake, wakifanya kazi Mbita, Kenya, walieleza mwaka 2005 kwamba huwachagua mbu majike walioshiba damu. Ni njia yake ya kupata damu ya wanyama bila kuwang'ata. Baadaye ilionekana kwamba harufu ya soksi iliyovaliwa na mtu humvuta, kwani penye binadamu pana mbu.

Buibui wa utando wa mviringo hawana hatari kubwa kwa mtu. Huuma wakibanwa, na maumivu kwa kawaida hupita.

Ukitaka kuwatazama, toka jioni, wiki ya mwezi mwandamo, na tochi. Simama ili mwanga upite pembeni ya utando, usiuelekeze moja kwa moja. Kuna wapiga picha wanaonyunyiza unga laini ili nyuzi zionekane; unga huua gundi na kumpotezea buibui mlo wa usiku, basi tumia maji kidogo tu ya chupa ya kupulizia. Hesabu nyuzi nyoofu. Pima kwa vidole kutoka kitovuni kwenda juu, kisha kwenda chini. Ukikuta pande hizo zinakaribia kulingana, mtazame mwenyewe vizuri: huenda bado ni mdogo, maana utando wa wachanga huwa mviringo zaidi, na tofauti ya juu na chini huongezeka kadiri anavyokua mzito na kushindwa kupanda mbio.